Umepata ajali na unajiskia mzima? Nenda hospitali leoleo, na kama umeshachelewa kuna la kufanya

Siku 36. Hizo ndo siku nilizozunguka na mkono uliovunjika nikiamini umeteguka tu, nachuliwa jioni, nakandwa maji ya moto asubuhi, mchana niko kibandani nasukuma randa kwa mkono mmoja. Mimi ni fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, sio dokta wala mwanasheria, haya nayoandika nimeyajua kwa kupigwa kalenda karibu mwaka mzima na kampuni moja ya bima ambayo jina lake naliacha.

Ilikuwa Ijumaa jioni, nimepanda boda natokea Tazara, gari ndogo ikatuchomekea tukaenda chini wote wawili. Mimi nikaanguka nimetanguliza kiganja. Boda akakatika mguuni, damu nyingi, kwahiyo watu wote wakamkimbilia yeye, trafiki akaja, akaandikiwa PF3 (ile fomu ya polisi ya aliyeumia), akapelekwa hospitali akashonwa nyuzi saba. Mimi nikajipangusa vumbi, nikapokea elfu ishirini ya dereva wa gari "ya panadol", nikarudi home. Sasa skia, zile nyuzi saba zimelipwa mpaka nauli. Mkono wangu uliokuja kupasuliwa ukawekwa skrubu umelipwa nusunusu tena kwa kugombana. Ajali ni moja, gari ni lilelile, bima ni ileile, ila yeye karatasi yake ya kwanza ina tarehe ya siku ya ajali na yangu ina tarehe ya wiki tano mbele.

Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Siku hiyohiyo uonwe na dokta, hata kama huna mchubuko

Ukishapata ajali mwili unajimwagia adrenalini, maumivu yanajificha, unasimama unatembea unawaambia watu "niko poa" na kweli unajiona uko poa, halafu kesho yake asubuhi shingo haigeuki. Hiyo ya shingo ni afadhali maana inauma na utaenda. Zinazoua ni zile za kimyakimya. Ukigonga kichwa damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, wengine inachukua masaa, wengine siku kadhaa hadi wiki, hasa wazee, wanaokunywa pombe sana na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mtu anazimia kidogo barabarani, anaamka, anaongea vizuri, anacheka, usiku hali inageuka. Kwahiyo aliyegonga kichwa asiachwe alale peke yake usiku huo, na ukiona anatapika tapika, kichwa kinazidi kuuma, anaongea vitu havieleweki, mboni za macho hazilingani, au analala kiasi kwamba kumuamsha ni kazi, hapo usisubiri kupambazuke.

Tumbo nalo. Bandama ikipasuka inaweza kuvuja polepole, mtu anaskia maumivu juu ya tumbo upande wa kushoto na wengine mpaka begani kushoto, anadhani bega liligongwa kumbe ni bandama.

Halafu vimifupa vidogo kama changu. Pale chini ya dole gumba ukinyanyua dole juu panatokea kishimo, ndani yake kuna kimfupa kinaitwa skafoidi. Kati ya vimifupa vya hapo kiungo cha mkono, ukianguka umetanguliza kiganja ndo hicho kinachovunjika mara nyingi, na uchungu wake ni kwamba damu inakiingia kutokea upande mmoja, kikikatika katikati kipande cha pili kinaweza kukosa damu, usipokifunga mapema kinaweza kisiunge. Kingine, eksirei ya siku ya kwanza inaweza isikione kabisa, dokta anayejua anakufunga hogo, ile plasta ngumu, hivyohivyo halafu anarudia picha baada ya siku 10 mpaka 14. Mimi hiyo nafasi niliitumia kukandwa maji ya moto, na maji ya moto kwenye uvimbe mpya, dokta aliniambia akicheka lakini sio kwa furaha, yanaongeza uvimbe tu.

Huna hela? Nenda hata zahanati ya serikali ya karibu, uonwe, uandikwe. Daftari la zahanati lenye tarehe ya siku ya ajali lina nguvu kuliko ripoti nzuri ya bingwa iliyoandikwa miezi miwili baadae.

Hatua ya 2: PF3

Kibongobongo hii ndo inawafanya watu wengi wachelewe. PF3 ni fomu ya polisi, sehemu moja anajaza polisi, sehemu nyingine anajaza dokta aliyekuona, anaandika kaona jeraha gani na limesababishwa na nini. Haiuzwi. Ukiambiwa "toa ya kopi" hiyo ni story nyingine, ila fomu yenyewe ni bure. Mwenye hali mbaya anatibiwa kwanza na PF3 inafuata, usikubali mgonjwa anavuja damu nyie mnahangaika foleni ya kituoni, mmoja aende polisi wengine mpelekeni hospitali. Mwenye hali nzuri anapitia kituo cha polisi kilicho karibu na eneo la ajali, anaripoti, anachukua fomu, anaenda nayo. Kabla hujaenda na PF3 kwenye zahanati ndogo ya binafsi uliza kwanza kama wanajaza, nyingine wanakutibu tu fomu hawaigusi.

Ikishajazwa piga picha kurasa zote. Fomu inarudi polisi na ikisharudi kuiona tena ni safari.

Na pale kituoni andika namba ya taarifa yako na namba ya trafiki aliyepima eneo, maana bima baadae watataka ripoti na ramani ya ajali, bila hizo namba utatafutiwa faili mpaka uchoke.

Hatua ya 3: Mwambie dokta ni ajali, na useme lini

Hapa kuna kosa wabongo tunalifanya sana na sijaona mtu anaonya. Mtu amegongwa, anaogopa usumbufu wa PF3, akifika hospitali anasema "nimeteleza bafuni". Anatibiwa fasta anaenda zake. Miezi mitatu mbele anataka kudai, faili la hospitali linaletwa, limeandikwa ameteleza bafuni. Umeisha hapo. Utaeleza mpaka povu litoke, ile karatasi uliisema wewe mwenyewe ukiwa hujui kama kuna hela mbele, kwahiyo wao wanaiamini kuliko unachosema leo.

Sema hivi: nimepata ajali ya boda tarehe fulani saa fulani, nimeangukia mkono, sijazimia au nimezimia, hapa panauma, hapa pana ganzi. Taja kila panapouma hata padogo, usitaje mguu tu kwa vile ndo unavuja damu ukaacha mgongo unaokaza. Mgongo usipoandikwa siku ya kwanza ukiuleta wiki ya sita wanauita mgongo wa kubeba mizigo. Ila usiongeze kitu ambacho hakipo, dokta akikubonyeza sehemu usiyoumia anajua.

Hatua ya 4: Hela ya barabarani

Ile elfu ishirini. Naiongelea kwa uchungu. Dereva anashuka ana wasiwasi, anajua akienda kituoni atalala huko, anakwambia kaka tuyamalize, na wapita njia nao wanakushauri yamalizeni jamani, polisi mtasumbuka. Kuna muda inafaa, gari imechubuka, hakuna aliyeguswa, sawa malizaneni. Lakini kama umeanguka chini, hujui bado una nini ndani, unamalizaje kitu ambacho hujakijua bei?

Akikupa hela pokea, hela ya matibabu sio dhambi, ila omba akutumie kwa simu. Muamala wa simu unaacha meseji yenye jina lake, tarehe na saa, hata kama baadae atakana kukujua ile meseji ipo. Kisha mjibu kwa meseji, "nimepokea msaada wa matibabu ya ajali ya leo, bado naendelea na vipimo". Usisaini karatasi yoyote yenye neno "sina madai zaidi" wala "tumemalizana". Hiyo karatasi hata iandikwe kwenye ganda la sigara, itakuja kutokea mezani siku usiyoitaka.

Mimi nilipewa keshi, mkononi, hakuna pa kuonyesha. Na kampuni ya bima ilipoambiwa na mteja wao kwamba "tulimalizana palepale" nilibaki nimekodoa.

Hatua ya 5: Usikate kate matibabu

Kuwahi siku ya kwanza halafu ukapotea miezi miwili nako kunakuumiza vilevile. Umeambiwa rudi kliniki tarehe 14, rudi tarehe 14, hata kama unajiskia nafuu. Umeandikiwa mazoezi ya viungo na huna nauli, rudi useme sina nauli waandike au wakupunguzie siku, usipotee tu kimya. Nafasi tupu kwenye kadi inasomeka kwamba ulipona.

Wale wataalamu wa kuunga mifupa wa kienyeji sina ugomvi nao, bibi yangu aliungwa na mmoja wao akatembea, lakini hawana eksirei na hawaandiki. Na hogo lao likikaza sana kwenye mkono uliovimba damu haipiti, vidole vinakuwa vya baridi, ganzi, maumivu makali mno hata ukigusa kidogo tu, hiyo ni dharura, ukichelewa unaweza kukatwa mkono kabisa. Picha ya hospitali kwanza, mengine utaamua.

Kama kazi huwezi, omba ED, ile karatasi ya dokta ya kukupumzisha kazi, usijipe likizo mwenyewe. Sisi wa kujiajiri ambao hatuna bosi wa kumpelekea ED bado inasaidia maana inaonyesha dokta alikuzuia kufanya kazi siku ngapi, halafu unaweka na miamala yako ya lipa namba ya miezi kabla ya ajali na baada, wanaona kipato kilivyoshuka. Maneno ya "nilikuwa naingiza elfu 40 kwa siku" bila karatasi hayaendi popote.

Risiti: Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba hasara mahsusi, yani hela uliyotoa mfukoni kwako, lazima uitaje moja moja na uithibitishe kikamilifu. Sio kwa makadirio. Zile risiti za EFD, za mashine ya kodi, zinafutika, ziache kwenye dashibodi au mfuko wa shati wiki mbili utakuta karatasi nyeupe, kwahiyo zipige picha siku hiyohiyo. Bodaboda ya kwenda kliniki haitoi risiti, basi lipa kwa simu.

Hatua ya 6: Upande wa bima

Gari lililokugonga kisheria lazima liwe na bima angalau ile ndogo, ya mtu wa tatu, iko kwenye Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Mtu wa tatu ndo wewe. Ukiwa na namba ya gari unaingia mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, unaweka namba, inakuonyesha bima ipo hai au imeisha na ni ya kampuni gani. Fanya hivyo wiki ya kwanza. Taarifa peleka kwa maandishi, baki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama ulikuwa kazini wakati unapata ajali na umeajiriwa, mwambie mwajiri siku hiyohiyo kwa sababu kuna WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huo una utaratibu wake mwingine.

Kesi ya trafiki ifuatilie, watu wanaiona ya serikali haiwahusu. Dereva akipatikana na hatia, hiyo hukumu inatumika kama ushahidi wa kosa lake kwenye madai yako, na bima wengi wanaiulizia kabla hawajafungua pochi. Ukikosekana mahakamani kama shahidi kesi inaweza kufutwa.

Sasa wanavyokuja kukukata. Kwangu walikuja na hoja tatu na nimeuliza wenzangu naona zinafanana. Ya kwanza, jeraha hili sio la ajali hii, katikati hapo lolote lingeweza kutokea, wewe ni seremala unapiga nyundo kila siku. Ya pili, lingekuwa kubwa hivyo ungeenda mapema. Ya tatu ndo ngumu, kwamba sawa uliumia kwetu lakini kuharibika zaidi umejitakia, na sheria kweli inataka aliyeumizwa achukue hatua za kawaida kupunguza hasara yake. Mimi hiyo ya tatu ndo ilinimaliza. Hela za vipimo na hogo walikubali, za upasuaji walisema ungewahi usingepasuliwa. Na kusema ukweli dokta wangu mwenyewe alipoulizwa hakuweza kuapa kwamba wamekosea.

Kama umeshachelewa

Kuchelewa peke yake hakuui madai. Tusichanganye, muda wa kisheria wa kufungua kesi ya namna hii Tanzania bara ni miaka 3, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Ukienda hospitali siku ya 20 au ya 60 bado una haki, ila mzigo wa kuunganisha ajali na jeraha umekuwa mzito na ni wako wewe.

Nenda leo. Sio Jumatatu. Ukifika sema ukweli wote, niligongwa tarehe fulani, nilidhani ni kuteguka, nilikuwa nakandwa na kumeza diklofenaki, vidonge vya maumivu, za duka la dawa, maumivu hayajaisha. Muombe dokta aandike historia hiyo kama ulivyoisema na aandike maoni yake kama jeraha linaendana na anguko la aina hiyo na la umri huo. Mvunjiko wa siku nyingi na wa jana haufanani kwenye picha, kingo zake zinabadilika, kwahiyo dokta wa mifupa anaweza kusema huu una wiki kadhaa, na hapo ile hoja kwamba umeumia juzi kwenye nyundo inaanza kulegea. Yangu ililegezwa hivyo.

Kisha polisi. Mimi niliokolewa na boda, kwa sababu ajali ilishaandikwa siku ileile na kwenye maelezo yake alisema alikuwa na abiria. Nikaenda na kitambulisho, nikaeleza, nikaandikiwa PF3 ya tarehe ya siku hiyo niliyokwenda. Ya siku hiyo, narudia. Kuna kijana mmoja nje pale alinifuata akaniambia anaweza kunipatia "ya nyuma" kwa elfu hamsini. Usithubutu, hiyo ni kughushi, ni jinai, na wao wakiilinganisha na daftari la kituo wanakushika, hapo umepoteza fidia na umepata kesi. Bora karatasi ya kuchelewa yenye ukweli.

Baada ya hapo ziba lile pengo la siku na chochote halali ulichonacho. Meseji ulizoandikia ndugu "mkono bado unauma". Picha ya simu ya mkono umevimba, ambayo ndani yake ina tarehe iliyopigwa. Muamala wa duka la dawa. Mke au jirani aliyekuwa anakukanda, huyo ni shahidi kabisa, mimi mama mwenye nyumba aliandika maelezo ya ukurasa mmoja na yalisomwa. Mteja uliyemrudishia hela ya kitanda kwa sababu umeshindwa kumalizia. Na sababu ya kuchelewa itaje waziwazi: sikuwa na hela, nilikuwa safarini msibani, zahanati waliniambia ni kuteguka, yoyote ile ilimradi ni ya kweli na haibadiliki badiliki. Ukisema leo hela kesho safari wanakuandika muongo.

Wakikukatalia omba wakupe kwa barua na sababu. Wengi wanapenda kukataa kwa simu. Ukiwa na barua unaweza kwenda kulalamika TIRA au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ukimuona wakili anajua aanzie wapi. Mazungumzo na bima hayasimamishi ile miaka 3, watu wanapigwa "njoo wiki ijayo" mpaka muda unaisha.

Mlioko Kenya mambo yanafanana ila majina tofauti. Kwenu ni fomu ya P3 na abstrakti ya polisi, yani karatasi ya muhtasari wa taarifa ya ajali, P3 nayo rasmi ni bure na dokta anaijaza akitazama maandishi ya matibabu ya siku ya kwanza, kwahiyo tunza zile karatasi. Katiba yenu ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Muda wa kushtaki ni miaka 3 pia, na kwa bima ya mtu wa tatu sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja.

Skrubu bado ninayo mkononi. Wiki iliyopita nilirudi kliniki kupiga picha ya mwisho, mfupa umeunga ila kiganja hakikunji chote, randa nimemwachia kijana wangu mimi napima na kuchora tu. Boda nilikutana nae pale getini, amekuja na abiria wake aliyeanguka, wamekuja na PF3 kabisa, na yule abiria alikuwa analalamika njia nzima kwamba haumwi kitu.